Mtaala unataka wabunifu, mtihani bado unataka jibu moja

Muhula uliopita mtoto wa dadangu, ambaye yuko Gredi ya 5, alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani. Swali moja lilisema: Taja matumizi matatu ya maji. Dogo akaandika: kunywa, kupika, kupima kama ukuta uko sawa. Mwalimu akaweka vema, vema, kosa. Alama 2 kati ya 3.

Kama hujawahi kukanyaga mjengo, unaweza ukamuunga mwalimu mkono. Maji na ukuta, wapi na wapi? Lakini muulize fundi yeyote mtaani kwenu. Atakwambia anachukua mpira mrefu unaoonyesha ndani, anaujaza maji, ncha moja anaishika yeye na ncha ya pili anaishika msaidizi kwenye kona ile nyingine. Maji hutulia kwa kimo kimoja pande zote mbili. Wanatia alama ya penseli pale maji yalipofika, wanavuta uzi, na mawe yanapangwa bila kwenda upande. Babake huyu dogo ni fundi wa mawe. Jumamosi nyingi amezimaliza akishika ncha ya huo mpira.

Dadangu alimpigia mwalimu simu, si kwa ubaya, alitaka tu kuelewa. Mwalimu akamjibu bila kumzungusha: "Mama, hata mimi hiyo kitu ya fundi naijua. Lakini nina karatasi 68 za kusahihisha na mwongozo haujaiandika."

Sina hasira na mwalimu. Lakini hiyo sentensi, "mwongozo haujaiandika", imenikaa kichwani, kwa sababu inaeleza kitu ambacho hotuba za elimu huwa zinakikwepa.

Tangu 2019 tumekuwa tukiambiwa kwamba Kenya imeachana na elimu ya kukariri. Mtaala wa CBC, ambao siku hizi unaitwa CBE, una umilisi wa kimsingi wa aina saba, na mmoja wao ni ubunifu. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025. Sasa limeingia sekondari ya juu likiwa limegawanywa katika njia tatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Hawa ndio watoto ambao tuliahidiwa watakuwa tofauti na sisi wa 8-4-4. Swali langu ni moja tu: huo ubunifu, kuna mtu ameupima?

Usiniambie haupimiki. Unapimika, na unaweza kuanza na wewe mwenyewe, sasa hivi.

Mtungi wa manjano

Weka saa ya simu dakika tatu. Fikiria mtungi wa lita 20, ule wa manjano uliokuja na mafuta ya kupikia. Andika matumizi yake yote unayoweza kuwaza. Usisome mbele kabla saa haijalia.

Umerudi? Poa.

Wengi huanza na kuteka maji, kuweka maji ya akiba, kubeba petroli, kuweka mafuta ya taa. Halafu wanakwama. Ukikaza kidogo, mengine yanaanza kutoka: kukalia ukiwa kwenye foleni ya maji. Kuuweka kwenye foleni ukushikie nafasi wakati wewe umeenda kuchukua chai. Kuukata ubavu na kupanda sukuma wiki. Kuupiga kama ngoma. Kuutoboa na kuuning'iniza uwe kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Kunyweshea kuku. Kujifunzia kuogelea, kwa sababu ukiwa mtupu na umefungwa vizuri, unaelea.

Mchezo huu una wenyewe. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Mmarekani J. P. Guilford, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akisaidia jeshi kuchagua marubani, alisimama mbele ya chama cha wanasaikolojia wenzake akiwa rais wao na kuwaambia kwamba wamesahau kuchunguza ubunifu. Alitofautisha aina mbili za kufikiri. Ya kwanza ni ya kulenga: swali moja, jibu moja, tafuta lilipo. Ya pili mimi naiita kufikiri kwa matawi: swali moja, majibu mengi, na kila jibu linaweza kuzaa jingine. Kupima ile ya pili, Guilford na wenzake walianza kuwauliza watu matumizi ya vitu vya kawaida kama tofali. Mwaka 1966 Mmarekani mwingine, E. Paul Torrance, akachapisha mtihani kamili wa ubunifu wenye maneno na michoro, na hadi leo bado unatumika.

Kwenye majibu yako, wanaosahihisha wanaangalia mambo manne.

La kwanza ni wingi. Umeandika mangapi? Sita au kumi na sita?

La pili ni aina. Kama umeandika kuweka maji, kuweka maziwa, kuweka uji na kuweka petroli, hayo ni majibu manne lakini ni wazo moja: kuweka kitu majimaji. Ukitoka kwenye kuweka ukaenda kwenye kukalia, kisha kupanda, kisha kupiga muziki, umebadilisha tawi mara tatu.

La tatu ni upekee. Ni wangapi wengine wameandika kama wewe? Kama darasa zima limeandika kuteka maji, jibu hilo halikupi kitu. Kama ni wewe peke yako uliyeandika kushika nafasi kwenye foleni, umepata.

La nne ni undani. "Kupanda mboga" ni jibu. "Kuukata ubavu mmoja, kutoboa matundu chini maji yapite, kuujaza mchanga na samadi na kuuning'iniza kwenye dirisha la keja" ni jibu lenye nyama.

Sasa rudi kwa yule dogo. Kupima ukuta kwa maji kungekuwa jibu lake la thamani zaidi katika mtihani wa namna hii. Lipo kwenye tawi tofauti kabisa na kunywa na kupika, pengine hakuna mwenzake darasani aliyeliandika, na juu ya yote ni la kweli, linafanya kazi. Kwenye mtihani wetu, ndilo lililompotezea alama.

Meno meupe kama theluji

Kabla hatujailaumu CBC, tuwe wakweli kuhusu tulikotoka. Sisi tuliofanya KCPE tulikuwa na karatasi moja iliyodai kupima ubunifu: Insha. Dakika 40, alama 40. Unapewa mwanzo au mwisho, wewe malizia.

Unakumbuka tulivyoifanyia mazoezi? Tulikuwa na daftari la misemo. Kila mtu alirauka majogoo, hata kama mtaani kwao hakuna jogoo. Kila mwizi alipoonekana, watu walisema miguu niponye. Kila msichana alikuwa na umbo la namba nane na meno meupe kama theluji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika theluji. Kuna wasee waliokariri insha nzima ya ajali ya barabarani. Mtihani ukija na kichwa kuhusu arusi, bwana arusi anapata ajali akienda kanisani, mambo yanaendelea kama kawaida. Na tulipata alama nzuri! Mimi mwenyewe nilipata 34 kwenye moki kwa ajali ambayo haikuwa yangu.

Kwa hivyo hata pale swali lilipokuwa wazi, usahihishaji uligeuza jibu kuwa moja. Tulijifunza kwamba ubunifu ni kukumbuka mapambo ya watu wengine. Ndiyo maana mimi huwa sishangai nikiona matangazo ya biashara, hotuba za arusi na maandishi ya Instagram ya rika langu yakifanana.

CBC ilikuja kubadilisha hiyo, na kwa haki yake, kuna mambo imebadilisha. Watoto wanafanya miradi, wanasimama mbele ya wenzao na kueleza, wanachora, wanaimba, wanalima. Lakini mzazi yeyote wa mtaani atakwambia kilichotokea kwa miradi mingi. Sanamu la kutisha ndege lilishonwa na mathe saa nne usiku. Picha za wanyama zilitafutwa na kijana wa saiba kwa shilingi 20 kila ukurasa. Mtoto alibeba tu kupeleka.

Halafu kuna hesabu ya mwisho. Alama zilizompeleka mtoto sekondari ya juu zimetoka sehemu tatu: KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA yenyewe asilimia 60. Sehemu kubwa ya KPSEA ni maswali ya kuchagua A, B, C au D. Ubunifu gani utaonyesha kwa kupaka penseli kwenye B?

Shule ikiona hivyo, inafanya kile ambacho shule yoyote ingefanya: inafundisha kile kitakachoulizwa. Mwalimu mwenye watoto 68 darasani hana muda wa kukaa na jibu la ukuta. Tatizo liko juu yake, kwa wanaotunga mtihani na kuandika mwongozo.

Singapore ilifanya aje?

Najua kuna mtu anasema: haiwezekani kusahihisha majibu ya wazi ya watoto zaidi ya milioni moja bila fujo, kila msahihishaji atatoa alama yake.

Ni hoja nzuri, lakini kuna waliojaribu. Shirika la OECD, ambalo huendesha mtihani wa kimataifa wa PISA kwa vijana wa miaka 15, liliongeza sehemu ya ubunifu katika awamu ya 2022 na kutoa matokeo Juni 2024. Nchi na maeneo 64 yalifanya sehemu hiyo. Kenya haikuwemo. Kulikuwa na maswali ya kuandika hadithi, kubuni michoro, na kutafuta suluhu za matatizo ya kijamii na ya kisayansi. Kwa baadhi ya maswali mwanafunzi alitakiwa kutoa mawazo kadhaa, na alipata alama kama mawazo hayo yalikuwa tofauti kati yao wenyewe. Kwa mengine alitakiwa kutoa wazo ambalo wengi hawakulitoa. Mwongozo ulikuwepo, ila uliandikwa kuhesabu tofauti, si kutafuta jibu fulani.

Singapore iliongoza, alama 41 kati ya 60, wakati wastani wa nchi za OECD ulikuwa 33. Hapa ndipo hadithi yangu inapata kona, kwa sababu Singapore si nchi ya kucheza na mitihani. Watoto wao wanajulikana kwa kusoma usiku na mchana. Kwa hivyo wale wanaosema "futeni mitihani ndio ubunifu uje" nao wamekosea njia. Kujua mambo hakuui ubunifu. Dogo asingeandika jibu la ukuta kama hakujua maji hutulia vipi ndani ya mpira. Maarifa ndiyo shina la hayo matawi, na bila shina hakuna pa kutoa tawi.

Lakini maarifa yakifungiwa kazi moja, yanakuwa jela. Mwaka 2000 watafiti Tim German na Margaret Defeyter waliwapa watoto wadogo kazi ya kufikia kitu kilichokuwa juu, na kati ya vifaa walivyokuwa navyo kulikuwa na boksi. Suluhu ilikuwa kuligeuza boksi liwe la kupandia. Kwa watoto wa miaka 6 na 7, kama boksi lilionyeshwa kwanza likiwa limebeba vitu, walichelewa kuwaza kuligeuza. Walishaambiwa kazi ya boksi. Wa miaka 5 hawakubabaika, kwao boksi lilikuwa bado boksi tu, la kufanyia chochote. Hiyo ni kawaida ya kukua, haiwezi kuepukika kabisa. Ila shule inaweza ikachagua: imsaidie mtoto kukumbuka kwamba boksi hugeuzwa, ama imkate alama akiligeuza.

Mtaa umekuwa ukifanya huu mtihani

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi si watu wa kukosa mawazo. Akala ni gurudumu la gari lililoulizwa swali la Guilford: wewe unaweza kuwa nini kingine? Kule Lamu, mwaka 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa takataka za plastiki na kupambwa kwa maelfu ya ndara zilizookotwa ufuoni. Mwaka uliofuata jahazi hilo lilisafiri hadi Zanzibar. Mabaharia wa hapo wamejenga majahazi ya mbao kwa karne na karne. Walilijua jahazi vizuri sana, ndiyo maana waliweza kulijenga kwa kitu kingine.

Angalia na pesa zetu. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, ilikusudiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao mengine, kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wakiiendesha wangeweza kusema, "Hiyo haimo kwenye mwongozo." Badala yake waliitazama vizuri, na ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiyo iliyokuwa kazi yake kuu. Mtumiaji aliongeza tawi, kampuni ikalipa tawi hilo alama.

Na Juni 2024 unaikumbuka. Mswada wa Fedha ulikuwa lundo la kurasa za kisheria. Vijana waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwenye TikTok, wakajenga programu za akili unde za kuujibia maswali, wakajaza simu za wabunge kwa ujumbe, wakachanga pesa za matibabu na mazishi kwa simu. Hakuna kamati iliyokaa kugawa kazi. Kila mtu aliuliza: mimi na hiki nilicho nacho, naweza kufanya nini? Tarehe 26 Juni rais alisema hatatia sahihi. Wengine walikuwa tayari wamelipa kwa maisha yao, kwa hivyo siandiki hili kama sherehe.

Naliandika pia kwa sababu lilituonyesha mahali ambapo matawi peke yake hayatoshi. Baada ya mswada kuondolewa, mawazo ya nini kifuate yalikuwa mia na moja. Kuyachuja na kuchagua machache ya kusukuma pamoja, hapo tukasuasua. Guilford hakusema aina moja ya kufikiri ni bora kuliko nyingine. Unatawanya kwanza, halafu unalenga. Shule imetufundisha nusu ya pili tu. Mtaa, mara nyingi, umetufundisha ya kwanza tu.

Na mtaa ndiko wengi wanakoelekea. Kwa mujibu wa Economic Survey ya 2025 ya KNBS, nafasi mpya za kazi zilizopatikana nchini mwaka 2024 zilikuwa 782,300. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Tisa kati ya kumi! Huko hakuna mtu atakayekupa maswali yenye A, B, C na D. Kibanda cha tano cha chipsi kwenye barabara moja kinafungwa kwa sababu vinne vilivyotangulia vinauza kitu kile kile.

Kuna na hii ya akili unde. Mwaka 2023 watafiti Mika Koivisto na Simone Grassini waliwapa watu 256 na programu tatu za akili unde ule mtihani wa matumizi, kwa kutumia kamba, boksi, penseli na mshumaa. Kwa wastani programu ziliwashinda watu, ila mawazo bora kabisa ya watu yalilingana na ya mashine au kuyapita. Mwaka 2024 Anil Doshi na Oliver Hauser nao wakaonyesha jambo lingine: waandishi waliopewa mawazo na akili unde waliandika hadithi zilizopendwa zaidi, hasa wale waliokuwa dhaifu. Lakini hadithi hizo zilifanana zaidi zenyewe kwa zenyewe. Yaani kila mmoja alifaidi peke yake, na wote kwa pamoja wakawa na aina chache. Ni lile daftari letu la misemo limerudi, sasa liko kwenye simu na halichoki.

Mazoezi, bila karo

Sisemi mtu aache shule. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, si kwa sababu ya ujanja, na hakuna siku nimeamka nikajiona mbunifu zaidi kwa sababu hiyo. Lakini huu uwezo unafanyiwa mazoezi kama mwili, na haya ndiyo yanayonisaidia, yakiwa na utafiti nyuma yake.

Jiwekee idadi, usijiwekee muda peke yake. Sema ishirini. Mawazo ya kwanza huwa ni ya kila mtu, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Mwaka 2020 Brian Lucas na Loran Nordgren walionyesha kwamba watu hudhani ubunifu wao unaisha kadiri wanavyoendelea, ilhali kwa kweli haushuki, na mara nyingine unapanda. Wengi wetu huacha pale tunapohisi tumekauka, na hapo ndipo kazi ilikuwa inaanza. Ukifika la nane ukakwama, kaa na huo ukimya.

Andikeni kila mtu peke yake kabla ya kuongea. Ile tabia ya kuitana mkutano ili "tumwage mawazo" ilienezwa na Mmarekani wa matangazo, Alex Osborn. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalinganisha watu wanne waliowaza pamoja na watu wanne waliowaza kila mtu kivyake. Wale wa peke yao, orodha zao zilipounganishwa, walikuwa na mawazo takriban maradufu. Kwenye kikundi kuna anayeogopa kuchekwa, kuna anayesubiri zamu hadi wazo linapotea, na kuna yule msee ambaye akianza kuongea hamalizi. Chama chenu kikitaka biashara mpya, kila mmoja aje na karatasi yake.

Badilisha tawi kwa makusudi. Ukiona majibu matatu yanayofuatana ni ya "kuweka kitu ndani," jikataze. Linalofuata lazima liwe la sauti, au la uzito, au la kivuli, au la mtoto wa miaka minne.

Jaribu maneno kumi. Mwaka 2021 Jay Olson na wenzake walichapisha mtihani mfupi sana: taja nomino kumi zilizo mbali kimaana kadiri inavyowezekana. Kompyuta inapima umbali kati yao. Unaweza kuucheza na wenzako kwenye matatu. Paka, mbwa, ng'ombe, mbuzi: huko ni boma moja. Chapati, mahakama, mbu, deni, mwangwi: hapo umetembea. Mtu akiweza kueleza kwa urahisi uhusiano wa maneno yako mawili, badilisha moja.

Akili unde iingie mwisho. Andika ishirini zako kwanza, halafu uliza mashine. Yale ambayo nayo imeyasema, yakate, kwa sababu kila mwenye simu atayapata. Yaliyobaki ndiyo yako.

Kisha chagua. Tia alama kwa matatu, uliza ni lipi linaweza kujaribiwa wiki hii kwa pesa ulizo nazo mfukoni. Bila hatua hii unakuwa yule jamaa wa kila kijiwe mwenye mawazo ya mamilioni tangu 2014.

Na tusidanganyane. Alama ya juu kwenye mtihani wa mtungi haikulipii kodi ya nyumba. Mama mboga hakosi mawazo, anakosa mtaji, na kanjo wakimbebea meza, wazo lake linaenda na meza. Anayewaambia vijana "kuweni wabunifu" halafu anafunga mlango wa mkopo na wa leseni anawacheza. Lakini kwa KNEC na KICD, ninachoomba hakihitaji mabilioni. Swali moja tu katika kila mtihani wa kitaifa, hata la alama tano, ambalo mwongozo wake unasema: toa alama kwa kila jibu sahihi lililo tofauti na mengine, na alama ya ziada kwa jibu sahihi ambalo hukulitarajia. Walimu watalifundishia, kama wanavyofundishia kila kitu kinachoulizwa. Safari hii hiyo itakuwa habari njema.

Dogo alifanya mtihani mwingine mwezi uliopita. Safari hii waliulizwa matumizi ya udongo. Akaandika kulima, kujenga, kufinyanga vyungu. Tatu kwa tatu. Nikamuuliza kama hakukuwa na lingine alilofikiria. Akasema lilikuwepo, lakini hakuliandika, "kwa sababu teacher atakata."

Jioni hiyo nikampa mtihani wa mtungi. Nilimwambia hakuna kukata. Alifika 23. La 17 lilikuwa kuujaza mchanga na kuukata shingo, halafu kuchomeka mti wa mwavuli ndani, ili mwavuli wa mamake sokoni usianguke upepo ukija. Kesho yake dadangu alienda na mtungi mmoja kibandani. Uko hapo hadi leo.